Mkono wa Bi Mize na Msuli wa Kome

Simu ilinikuta ninamenya shelisheli. Ilikuwa sauti ya Salma, mtoto wa Dokta Zuwena, na kabla hajasema neno nilishajua, maana Salma si mtu wa kupiga simu asubuhi. "Mama mdogo, mama ametutoka," akasema. Nikajibu innalillahi, nikaweka kisu chini, kisha nikakichukua tena nikamaliza kumenya, kwa sababu sikujua mikono yangu niifanyie nini. Kesho yake nikapanda boti Mkoani. Mimi na boti hatupatani tangu ujana; nilitapika mpaka Unguja ikaonekana. Mazishi niliyakosa, lakini hitma niliiwahi.

Nyumba ilijaa wanawake na harufu ya udi. Salma alikuwa amekaa karibu na mlango, mgongo umenyooka, leso ameifumbata katika mkono wa kulia mpaka vifundo vimekuwa vyeupe. Wifi yake akaninong'oneza kwamba tangu juzi hajalia wala hajala. Nilipokaa karibu naye alinyoosha mkono wa kushoto chini ya mto, akatoa bahasha. "Mama alisema hii ni yako. Alisema usipewe mtu mwengine." Ndani mlikuwa na karatasi nyeusi inayong'aa, ndefu kama ubao wa mkate, na juu yake mstari mmoja mweupe, mwembamba: unapanda ghafla, unakwenda sawa masafa marefu, kisha unashuka polepole. Nyuma yake, kwa mwandiko ninaoujua, imeandikwa: *Wambaa. Msuli wa kome. Shahidi: Bi Mize.* Mwanamke mmoja akachungulia akauliza, "Nini hicho, eksirei?" Nikamwambia ndiyo. Kueleza kungechukua siku nzima na mimi nilikuja msibani, sikuja kusomesha. Lakini tangu nirudi kwetu Wambaa nimekaa na karatasi hii, na naona sasa nieleze.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mwaka ule wote niliuishi katika vyumba viwili. Cha kwanza ni cha Bibi yangu, Bi Mize: kitanda cha kamba, kasha, mswala uliokunjwa, na ukutani mkeka ambao haukumalizwa, ukili wake umeviringwa umening'inia pembeni. Bibi alikuwa msusi. Watu walikuja kutoka Mkoani kutaka mikeka yake. Mwaka mmoja kabla, alipooza upande wa kulia. Mguu ulirudi, ukiburura kidogo. Mdomo ulirudi pia, na kusema kweli mdomo wa Bibi haukuwahi kwenda mbali. Lakini mkono ulijikunja ngumi, kidole gumba ndani, vidole vinne juu yake, na haukukunjuka tena. Kucha zilikuwa zinamchimba kiganja. Kila Ijumaa nilipenyeza kitambaa katikati ya vidole kumpangusa jasho, na mimi, mtu wa nguvu nyingi na akili haba, nilikuwa ninavuta. Kila nikivuta ngumi inakaza. Bibi anauma meno, hasemi kitu, na mimi ninadhani ninamsaidia.

Kula kwa mkono wa kushoto hakutaka. Aliona haya, hata mbele yangu peke yangu. Basi nikawa namlisha: namkandia wali na mchuzi wa chaza, namtilia mdomoni, na yeye ananikosoa tonge. "Kubwa. Weye walisha ng'ombe?" Nikipunguza: "Sasa walisha kuku." Hivyo ndivyo tulivyokula, na kusema kweli nilikuwa ninazipenda nyakati zile. Lililomuuma hasa lilikuwa dua. Kila Alhamisi alasiri kina mama wa mtaa walikusanyika kwa jirani yetu, Bi Time, kwa darsa, na mwisho wa darsa wanainua mikono. Bibi aliinua mmoja. Wa pili aliuficha chini ya kanga. Siku moja tulikuwa uani tunakunywa chai, na upande wa pili wa ua wa makuti tukamsikia Bi Time akimwambia mtu, "Mkono haufumbi bure, shoga. Mwenye kufumbata ana alichokifumbata. Pengine amana ya watu." Mimi nilisimama, nilikuwa tayari kuuruka ule ua. Bibi akanishika kanga kwa mkono wake mzima. "Kaa. Chai yapoa." Hakusema zaidi, lakini Alhamisi ile hakwenda darsani, wala iliyofuata. Nilipomuuliza alisema, "N'takwenda siku utakapokunjuka. Mungu aombwa kwa viganja viwili." Nikamwambia Mungu anasikia hata mwenye kiganja kimoja. "Asikia," akasema Bibi. "Lakini na Bi Time aona."

Ilikuwa ni wiki ya kuvunja jungu, siku zile za mwisho wa Shaabani ambapo watu wanakula vizuri kabla ya mfungo. Mwaka ule tulivunja jungu wawili tu, mlango umefungwa. Nikanuia moyoni kwamba Shaabani nyengine haitamkuta Bibi na ngumi.

Chumba cha pili kilikuwa ghala la karafuu karibu na pwani, ambalo Dokta Zuwena alilikodi mfungo ulipokwisha, alipokuja kutoka Unguja na makasha yake ya chupa. Usidhani ni mtu wa kutisha. Alikuwa mwanamke mwembamba, miwani ameifunga uzi nyuma ya shingo, na malalamiko yake makubwa juu ya Wambaa ni kwamba hakuna urojo, ule mchuzi mzito wa kwao Unguja. Alikuwa anataka msaidizi mwenye mikono myepesi, na mwalimu wangu akanitaja. Kunijaribu, alifungua kome mbele yangu, akachambua ndani yake kijisuli cheupe, chembamba kama tambi iliyochemka, akanipa uzi. "Funga huku na huku. Ukikikata hatuna kazi." Mimi nilianza kuchana ukindu nina miaka saba. Nikafunga. Akaweka miwani sawa, akatazama mafundo yangu, akauliza, "Nani kakufundisha?" Nikasema Bibi. "Basi bibi yako ningemwajiri yeye," akasema.

Kome tulikuwa tukiwajua kwa mchuzi tu. Kumbe Dokta alikuwa ametoka masomoni ng'ambo na kurudi na swali moja juu yao. Kome hujishikiza jabalini kwa nyuzi zake, na nyuzi zile zinavutwa na ule msuli. Mawimbi yanampiga mchana kutwa naye ameshika. Hachoki, na wala hali chakula cha kueleweka kwa kazi ile. Anashikaje? Na zaidi ya hapo, anaachiaje? Kazi yetu ilikuwa hivi: asubuhi ninawasha koroboi, naliacha litoe moshi, nalizungusha juu yake bomba la bati lililovikwa karatasi mpaka karatasi yote inakuwa nyeusi kwa masizi. Msuli tunautundika ndani ya kikombe cha maji ya bahari, uzi wa juu umefungwa kwenye kijiti chepesi chenye ncha. Bomba linazunguka kwa saa ya kutia ufunguo, na ncha inakwaruza mstari mweupe kwenye masizi. Msuli ukivuta, mstari unapanda. Msuli ukiachia, unashuka. Nilirudi nyumbani kila siku pua nyeusi, na Bibi hakunikubalia niguse sufuria mpaka ninawe mara tatu. "Waenda shule ya wachoma makaa," alikuwa akisema.

Dokta alitia kwanza tone la dawa moja, na msuli ukavuta. Halafu tukaisafisha dawa ile kwa maji ya bahari, na msuli ukabaki umekaza vilevile. Tuliweza kwenda kula, kusali, kurudi, mstari uko palepale juu. Kisha akatoa kwenye friji ya mafuta ya taa kichupa cha rangi ya kahawia, chenye unga mweupe kidogo chini, akachanganya chembe yake na maji, akatia tone. Mstari ukatulia kama unafikiri, ukaanza kushuka. Ukashuka mpaka chini kabisa. "Hii inaitwa serotonini," akasema. "Kome anaitengeneza mwenyewe. Ana mishipa ya fahamu ya namna mbili: mmoja unaufikishia msuli habari ya kukaza, mwengine unaufikishia habari ya kuachia. Serotonini ndiyo habari ya kuachia." Nikamuuliza msuli unaisikia vipi, hauna masikio. Akafurahi, maana hilo ndilo swali alilolivukia bahari. "Juu ya msuli kuna vipokezi. Serotonini inabisha hodi. Kipokezi ndiye aliyemo ndani, anayeitikia karibu. Nyumba isiyo na mtu, bisha hodi mpaka kiyama, hakuna atakayekufungulia. Mimi natafuta nijue aliyemo ndani ni nani." Ndiyo maana alikuwa na dawa nyengine za kuwaziba vipokezi mmoja mmoja, kuona ni yupi akizibwa, hodi haijibiwi tena.

Alieleza mengi siku ile: kwamba hodi hiyohiyo kwa konokono inaharakisha moyo, na kwa mdudu mwengine inafanya jambo jengine kabisa, kwa kuwa kila nyumba ina mpokezi wake. Laiti ningesikiliza. Lakini tangu mstari ule uliposhuka mimi sikuwa ninamwona kome tena. Nilikuwa naona mkono wa Bibi. Kuuliza si ujinga, nalijua hilo, ningemuuliza tu, "Dokta, na kwa binadamu je?" Nilichelea jibu. Niliogopa atasema hapana, na hapana yake ingenifungia mlango ambao ndio kwanza nimeuona.

Bibi alikuwa na kombe lake. Shehe mmoja wa Pujini alikuwa akimwandikia aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, maji yake yakatiwa chupani. Kila baada ya sala ya alfajiri Bibi alikunywa mafunda matatu, na kidogo akajipaka kwenye ngumi. Chupa ile ilikaa dirishani, imefunikwa kitambaa. Adhuhuri moja, Dokta akiwa kwenye mswala na mgongo amenigeuzia, nilifungua friji, nikachota unga kwa ncha ya kisu, nikaukunja ndani ya karatasi, nikaufunga pembeni ya kanga. Jioni nikautia katika chupa ya Bibi, nikaitikisa. Sikuona kama ninaiba. Niliona ninatia dawa mahali penye dawa, na maneno ya Mungu yatausimamia unga ule uende unakotakiwa. Haya ni makosa ya kwetu. Mtu wa kwengine angetia kwenye chai.

Siku ya kwanza niliitazama ile ngumi kama mtu anayetazama maziwa jikoni. Haikutikisika. Ya pili nikachota tena, nikaongeza. Ya tatu Bibi akaamka na tumbo linamsokota, akaenda uani mara nne. "Maharage ya Bi Time," akasema, kwa kuwa Bi Time, pamoja na mdomo wake, alikuwa akituletea chakula. Ya nne hakuweza kusimama kusali, akasali amekaa, uso umemjaa jasho. Ya tano nilimkuta kitandani anatetemeka, midomo imekauka, na pembeni ya kitanda ile chupa, nusu. Nilikimbia mpaka ghalani. Nikamwambia Dokta yote mlangoni, nikilia.

Hakufungua friji. Mpaka leo hilo ndilo ninalolikumbuka kwanza. Hakwenda kuangalia amebakiwa na kiasi gani. Aliuliza, "Amekunywa mara ngapi? Anatapika? Moyo unamwenda mbio?" akatoka na koti lake jeupe, mguu mmoja kiatu, mwengine ndara. Alimshika Bibi mapigo, akamtazama macho, akatuma aitwe muuguzi wa zahanati, na alasiri nzima tulimnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Magharibi mtetemeko ukapungua. Dokta akachukua ile chupa, akauliza nini kinafanywa na kombe lisilonyweka, kwa sababu alijua maji ya aya hayamwagwi ovyo. Tukalimwaga wawili chini ya mkomamanga, mahali pasipokanyagwa, akiwa bado na kiatu kimoja. Nilitaraji anifukuze. Alisema tu, "Utamwambia wewe. Ulitia wewe, utasema wewe."

Nikamwambia kesho yake. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza, na Bibi kutokatiza mtu si dalili njema. Kisha akasema, "Watia viwili chombo kimoja. Mkono ungekunjuka, ningejuaje kilichonisaidia ni kipi? Na tumbo liliponisokota, nimshuku nani? Nimeshuku maharage ya watu." Nikasema nisamehe, Bibi. Akaendelea kana kwamba hakunisikia. "Na si tumbo lililoniuma. Mkono huu wangu miye. Hukuniuliza." Adhuhuri nilimletea wali na samaki, nikanawa, nikakaa mbele yake, nikafinyanga tonge. Akaisogeza sahani kwake. Akala kwa mkono wa kushoto, polepole, punje zinamwanguka kifuani, macho yake kwangu. Siku tatu alikula hivyo. Nimepata misiba tangu wakati ule, nimezika mume, lakini sahani zile tatu sijazisahau.

Siku ya nne Dokta akaja. Alipiga hodi, akasema shikamoo, akakaa chini mkekani. Bibi akamwambia, "Marahaba, mwanangu. Nasikia nimekunywa mali yako." Dokta akasema mali si kitu, ila yeye mwenyewe ana kosa, hakukifungia kichupa na hakuniambia mimi, Raya, la maana kuliko yote. Bibi akamhadithia lile lake la viwili katika chombo kimoja, na Dokta akacheka mpaka miwani ikamtoka. "Bi Mize, hilo wenzangu wamelisomea miaka. Wewe ungekuwa dokta." Bibi akajitia hasikii sifa, lakini niliona anazuia tabasamu. "Basi nionesheni huyo kome," akasema. "Nimekula wengi, sijapata kuona anavyofanya."

Siku hiyohiyo akaenda, na fimbo yake, mimi nyuma na kigoda. Mle ghalani nikaona Dokta anakitoa kichupa na kukiinamisha kwenye mwanga, na hapo ndipo nilipojua nilichofanya. Ulibaki unga wa kutandaza kwenye ukucha. Haukutosha majaribio yake hata robo, na kichupa chengine kingechukua miezi kufika kutoka ng'ambo. Nikafunua mdomo. Akanitazama, akatikisa kichwa, ninyamaze. Nikawasha koroboi, nikapaka masizi, nikafunga msuli. Dokta akatia dawa ya kwanza, mstari ukapanda. Tukausafisha msuli kwa maji ya bahari, na tukangoja. Bibi alikaa kigodani pua karibu igonge kikombe. Tulikunywa chai ya mchaichai. Alisali alasiri pale pale, kwa kukaa. Mstari uko juu. "Hachoki?" akauliza. Dokta akasema hachoki. "Miye nachoka," akasema Bibi. Alikuwa hajapata kulisema hilo kwa mtu.

Dokta akatia tone. Ncha ikasita, halafu mstari ukaanza kuteremka, taratibu, bila mshtuko, mpaka chini. Bibi akaunyoosha mkono wake wa kushoto kama anayetaka kumgusa yule kome, akaurudisha. "Kaachia," akasema. "Wala hapana aliyemvuta." Akageuka akanitazama, na mimi nikatazama masizi ya vidole vyangu, maana nilikumbuka Ijumaa zote zile. Kisha akauliza lile nililoshindwa kuliuliza. "Na miye je, Dokta? Mkono wangu hauna huyo wa kuitikia hodi?"

"Hauna, Bi Mize," Dokta akasema. Hakulizungusha. "Kome ana mshipa wa kukaza na ana mshipa wa kuachia. Sisi misuli ya mkono tumepewa wa kukaza tu. Kuachia kwetu ni kunyamaza: ubongo ukiacha kusema kaza, mkono unalegea wenyewe. Wako uliumia, na hauachi kusema. Ile serotonini ukiinywa, kwetu inabisha milango myengine, ya matumbo na ya mishipa ya damu, na kule hawaitikii kwa kuachia." Bibi akafikiri. "Basi mkono hautaki dawa. Wataka kunyamazishwa." Dokta akasema yeye si daktari wa watu, lakini baba yake alipooza pia, na muuguzi mmoja mzee alimwonesha namna ya kuulegeza mkono. Akaomba beseni la maji ya vuguvugu. Akaomba ruhusa: "Nikushike, Bi Mize?" Bibi akamtazama, akanitazama mimi. "Mwaona? Huulizwa hivyo," akasema, akautoa mkono.

Dokta aliuzamisha mkono majini, akaukunja kifundo kidogo kuelekea ndani, kinyume kabisa na nilivyokuwa nikifanya mimi. Vidole havikuguswa. Akakishika kidole gumba kwenye shina lake, si kwenye ncha, akangoja. Hakuvuta. Alikuwa anazungumza mambo mengine: urojo, mama yake, na mtoto wake Salma wa miaka miwili aliyemwacha Unguja, ambaye alikuwa anatumiwa sauti ya mama yake kwa kaseti. "Juzi wamenambia anaibusu redio," akasema. Bibi akasema, "Mlete. Kazi si imeshamalizwa na mjukuu wangu?" Wote wawili wakacheka, na katikati ya kicheko kile kidole gumba kikatoka. Urefu wa punje ya mchele, basi. Jioni ile Bibi alikaa mbele ya sahani akaniambia, "Nawa. Na tonge lisiwe kubwa."

Tulifanya hivyo kila asubuhi na kila alasiri. Maji ya vuguvugu, kifundo, kidole gumba kwanza, halafu kungoja. Kila siku niliuliza, "Nikushike, Bibi?" Siku nyengine alisema hapana, na siku hiyo hapakuwa na kushika. Dokta, ambaye hakuwa na la kufanya mpaka kichupa kifike, alimleta Salma, na ghala la karafuu likajaa maganda ya kome yaliyopangwa foleni. Kwa kuwa tuliutazama mkono kila siku, hatukuona unabadilika. Aliyeona ni Salma. Asubuhi moja, Bibi amesinzia kibarazani, mtoto alikuja na ganda la kome akalichomeka katika ngumi ya Bibi, na ganda likaingia. Likakaa. Bibi akafumbua macho, akalitazama, akaita, "Raya! Njoo uone amana ya watu!"

Kichupa kilifika, Dokta akafanya kazi yake, akampata mpokezi wake au karibu ya kumpata; haya aliyaandika mahali pengine, na wanaoyajua wanayajua. Shaabani ikarudi. Alhamisi ya kuvunja jungu Bi Time alipika wali wa nazi na mchuzi wa pweza, darsa likajaa mpaka ukumbini, na Bibi akaingia na fimbo yake, mimi nyuma, akaenda kukaa safu ya mbele. Dua ikaanza. Bibi akaitoa mikono yote miwili chini ya kanga. Wa kulia haukuwa umekunjuka kama wangu na wako. Ulikuwa nusu, vidole vimepinda kama vya mtu anayekingia maji. Lakini kiganja kilitazama juu. Bi Time, aliyekuwa anaongoza, alikiona. Akaendelea na dua, machozi yanamtoka. Tukasema amin, tukajipangusa nyuso. Bibi alijipangusa kwa viganja viwili. Kisha akanigeukia, mbele ya watu wote wale, akaniwekea cha kulia shavuni. Miaka miwili sikuwa nimekisikia. Kilikuwa laini, laini kuliko cha mtoto, maana muda wote ule hakikuwa kimeshika kitu chochote.

Haya ndiyo niliyotaka kumweleza yule mwanamke aliyeuliza kama ni eksirei. Siku ya hitma sikueleza kitu. Dua ya kumwombea Dokta Zuwena ilipoanza, ukumbi mzima uliinua mikono, na Salma akainua mmoja. Ule wenye leso ulibaki pajani, umekaza, anautazama kama si wake. Nilingoja mpaka amin. Nikamsogelea, nikamuuliza, "Nikushike, mwanangu?" Akainamisha kichwa kidogo, ndiyo. Nikaukunja kifundo chake kidogo kuelekea ndani. Nikakishika kidole gumba, kwenye shina. Sikuvuta. Nikaanza kumhadithia kwamba mama yake aliwahi kukimbia mtaa mzima wa Wambaa na kiatu kimoja, na kwamba yeye Salma alikuwa akiibusu redio. Ilichukua muda mrefu, biriani ilipoa. Kisha leso ikaanguka mkekani, na Salma akalia.